Siku Niliyomvua Mama Mkwe Jaketi

Mama mkwe wangu sasa anaishi mtaa wa Auburn kwa mwanawe mwingine, na kanisani wanasema mimi ndiye niliyemfukuza. Sikumfukuza. Nilimvua jaketi mbele za watu, kwenye mvua, mwanamke wa miaka hamsini na tisa, na sikumrudishia. Kuhama alihama mwenyewe wiki iliyofuata, akabeba na sufuria zangu mbili. Naandika ili anayetaka kunisema aniseme kwa nililolifanya, asitunge lake.

Mwanangu ana pumu. Hilo lijulikane kwanza. Ana miaka saba, mbavu zake unaweza kuzihesabu akiwa amevaa shati, na kifua chake kinashindwa na kitu kimoja tu: kulowa halafu kupoa. Vumbi anavumilia. Kukimbia anakimbia. Paka wa jirani anamkumbatia mpaka paka anaomba msaada. Lakini akilowa akapoa, kifua kinaanza kupiga filimbi, na mwaka jana filimbi hiyo ilitupeleka hospitali mara mbili, mara ya pili kwa gari la wagonjwa, yeye na barakoa usoni, mimi na ndala za chooni. Daktari hakunipa hotuba. Mtunze awe mkavu, akasema, mtunze apate joto. Nimeishia sekondari, lakini hayo hayahitaji chuo.

Namna ya kumtunza mtu awe mkavu nilifundishwa na bibi mmoja wa kizungu niliyekuwa nikimhudumia nyumbani kwake. Ndiyo kazi yangu: naingia nyumba za wazee, naosha, nalisha, nageuza, natoka. Huyu alikuwa mkali. Siku ya kwanza alinitazama miguuni akasema soksi zangu ni takataka. Ujanani alikuwa akipotelea milimani wiki nzima, hema mgongoni, peke yake, na sasa hakuweza kufika chooni bila mimi. Hasira ya jambo hilo aliimalizia kwangu. Kila nilipomvalisha fulana ya pamba alinisomea somo. Pamba inakunywa jasho lako, inakunywa mvua, halafu inakukumbatia na baridi yake mpaka ufe. Sufu hata ikilowa ina joto. Kiatu cha kutembelea kinunue jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo, na uende dukani na soksi ile ile utakayotembea nayo, na ukisimama kwenye mteremko kidole gumba kisiguse mbele. Usivae kitu kimoja kinene, vaa vitatu vyembamba, uvue kabla hujatoka jasho na uvae kabla hujaanza kutetemeka. Ukilala hemani, angalia kwanza cha kutandika, cha kujifunika baadaye, maana ardhi inaiba joto kuliko hewa. Ndani ya begi tandika mfuko wa plastiki, hata ule wa takataka, kwa sababu hakuna begi lisiloingiza maji, kuna wauzaji waongo tu.

"Nyie watu wa kwenu hamjui baridi," alikuwa akiniambia.

"Inua mkono, bibi, nikuoshe kwapa," namjibu.

Tulielewana.

Alipokufa, binti yake alikuja kuhamisha vitu, akaniita gereji. Kulikuwa na sanduku la vitu vya kupandia milima vya mjukuu wa yule bibi, alipokuwa mtoto. Mjukuu mwenyewe sasa ni mtu mzima na hata mazishi hakuja. Fulana mbili za ndani za sufu, suruali yake, soksi nene, buti za ngozi zilizokwisha kulainishwa na miguu ya mwingine, koti jekundu la mvua ambalo maji yanateleza juu yake kama kwenye jani la mgomba, na begi la kulalia. Chukua, akasema yule binti, la sivyo natupa. Nilirudi navyo nyumbani Guildford kwa treni nimevikumbatia. Mwanangu alizivaa zile buti akalala nazo.

Mama mkwe akauliza vimetoka wapi, na mimi nikamwambia ukweli. Kama mnatafuta kosa langu la kwanza, ni hilo.

Kwetu vitu vya marehemu havizagai. Mtu akifa, nguo zake zinafungwa mpaka siku ya kumaliza matanga, ndipo wakubwa wa ukoo wanakaa na kugawa: shati kwa mdogo wake, koti kwa mpwa. Anayevaa ni wa damu, na anajua anambeba nani mabegani. Nguo ya marehemu usiyemjua ni kujivika msiba usio wako. Naijua desturi hiyo. Hata kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania, nilikokulia, tuliifuata, na wengine walikufa wameacha kanga moja.

"Mama, hivi si vya marehemu," nikamwambia. "Ni vya mjukuu wake, na mjukuu yuko hai, anazunguka na gari kubwa huko."

"Vimetoka nyumba gani?"

"Ya marehemu."

"Basi."

"Na hilo gauni ulilovaa, mama, si la mtumba?"

"Hili nililinunua. Hivyo umepewa kwenye msiba. Mtoto ana kifua kibaya, wewe unakwenda kumvisha pumzi ya mtu aliyekata pumzi."

Mume wangu alikuwa mezani anakula. Nilimtazama aseme kitu. Akasema, "Mimi nina shifti," akachukua kijiko akaondoka nacho.

Sasa kikundi cha akina mama. Kikundi chetu cha kanisa kina ugonjwa mmoja, nao ni sare. Harusi, sare. Msiba, sare. Mtu kajifungua, sare ya kwenda kumwona. Usiposhona, hakuna atakayekutenga kwa maneno, ila siku ya shughuli utajikuta umeshika sahani yako na hakuna anayekusogezea kiti. Mwenyekiti aliposikia akina mama wa kanisa jingine wamelala Blue Mountains kwenye mahema, alisimama Jumapili akatangaza kwamba na sisi tunakwenda, tutalala usiku mmoja, asubuhi tutaabudu mlimani. Wakapiga makofi. Kisha akafungua mfuko akatoa kitambaa. Gauni refu la kitenge cha njano, kilemba chake, na raba nyeupe za turubai. Watoto vivyo hivyo.

Nikanyoosha mkono. "Mwenyekiti, kule kuna baridi na mvua haipigi hodi. Kitenge ni pamba, kikilowa hakikauki."

"Dada yetu siku hizi ni mtabiri wa hali ya hewa," akasema, wakacheka.

"Basi viatu tu. Raba za turubai zinateleza kwenye mawe."

"Mama zetu walikimbia vita pekupeku wakavuka mito. Leo wewe unaogopa ngazi zilizojengwa na serikali, zina mpaka chuma cha kushikilia?"

Vigelegele. Ningeweza kumwambia kwamba mama yangu alikuwa mmoja wa hao wa pekupeku, na ndiyo sababu alifika Tanzania hana kucha za miguu. Nilikaa chini. Sikushona sare yangu, lakini ya mtoto bibi yake alikwisha kuipeleka kwa fundi.

Mtaniuliza kwa nini nilikwenda. Mtoto aliwaambia darasa zima kwamba anakwenda kulala mlimani. Na zile buti zilikuwa zinamsubiri mlangoni. Na mimi nilitaka waone. Nilitaka mvua inyeshe kidogo, wao waloane na njano yao, na mwanangu akae katikati yao mkavu kama biskuti. Nililitamani hilo, nakiri.

Ijumaa nilipanga begi lake mwenyewe. Mfuko wa takataka ndani kwanza. Fulana, suruali, soksi jozi tatu, begi la kulalia, koti juu kabisa ili lipatikane haraka, buti zimefungwa pembeni. Niliinua begi lote kwa vidole viwili. Jumamosi nilikuwa na shifti ya alfajiri Bankstown, kwa hiyo basi dogo la kanisa lingenipitia huko, na mtoto angepanda Guildford na bibi yake.

"Mvalishe sare kwa ajili ya picha, sawa," nikamwambia mama mkwe. "Ila begi usiliguse."

"Nani aliguse," akasema.

Basi lilipofika Bankstown niliwakuta wamepakatana, njano juu ya njano, raba nyeupe zinang'aa. Mabegi yalikuwa juu, chini ya masufuria ya watu. Nikasema tukifika nitambadilisha. Tukafika, jua linawaka, anga kama limefuliwa. Mahema, magodoro na mabegi ya wakubwa yakaachwa garini, tutayarudia baadaye. Picha inapigwa kule chini, mwenyekiti akasema, kwenye maporomoko, ni saa moja tu ya kushuka, na hakuna atakayebadili nguo kabla ya picha, mtoto wala mkubwa. Nilitazama anga. Niliwatazama wale wanawake kumi na wawili wanaonitazama. Nikasema sawa, saa moja, lakini begi la mtoto linashuka na sisi.

Saa hiyo moja ni kosa langu. Sitamsukumia mtu.

"Mzigo wa mjukuu wangu nitabeba mwenyewe," mama mkwe akasema, akalipandisha begi kichwani. Alishuka zile ngazi za mlima mikono ikining'inia, mkoba begani, shingo imenyooka, na wazungu waliokuwa wakipanda na fimbo zao mbili mbili walisimama pembeni kumpisha. Alipendeza. Naandika na hilo. Sikuwaza kwamba shingo ilikaza hivyo kwa sababu begi lilikuwa zito mara nne ya nililolipanga. Mimi ndiye ninayeujua uzito wake, na sikuligusa.

Tulikuwa tumevuka nusu ya njia. Mvua ya kule haitangulizi tone moja moja. Wingu linashuka lenyewe, unajikuta uko ndani yake. Nilivua koti langu la mvua nikamvika mtoto, likamfika vifundoni, akalikanyaga akaanguka, nikamnyanyua. Lakini alikuwa amekwisha kulowa ndani. Koti la mvua juu ya pamba iliyolowa ni kifuniko juu ya sufuria ya maji baridi. Vitenge viliwaganda wenzangu mapajani wakawa wanatembea kama waliofungwa kamba. Raba zikateleza. Mwenyekiti alianguka matako mara mbili. Mara ya pili nilitabasamu.

Chini kulikuwa na banda la bati lisilo na kuta. Tuliingia humo. Mtoto hakuwa analia, na mwanangu akiwa kimya ndipo naogopa. Midomo ilikuwa na rangi ya majivu. Nikaweka sikio kifuani. Filimbi.

Dawa yake ya kuvuta haiachani na shingo yangu, kwa kuwa simwamini mtu. Nikampa. Kisha nikavuta begi kutoka kichwani kwa bibi yake nikafungua.

Ndani kulikuwa na blanketi. Mnalijua, lile nene la manyoya lenye picha ya chui, ambalo kila mtu anapewa kwenye harusi na kulihifadhi kwenye mfuko wake wa zipu. Lilikuwa limenyonya mvua yote ya mlima ule. Chini yake kitenge kingine cha njano, cha kubadilisha. Biblia ya watoto. Basi. Hata mfuko wa takataka niliotandika haukuwepo.

"Viko wapi?" nikauliza.

"Nilivitupa," mama mkwe akasema. "Kwenye lile sanduku la nguo za misaada, kwenye maegesho ya karibu na nyumbani."

"Lini?"

"Asubuhi. Kabla hajaamka, asije akalia."

"Na buti?"

"Na buti. Nimemletea blanketi lenu la harusi. Safi, halijawahi kumgusa mtu."

Nilikamua pembe moja ya lile blanketi mbele yake, taratibu, maji yakamwagikia raba zake nyeupe. Ndipo nilipoona anachofanya. Kutoka kwenye mkoba wake alikuwa ametoa jaketi, jeusi, la manyoya ya bata, lililoviringishwa kwenye mifuko miwili ya plastiki. Mwanawe wa Auburn alimnunulia. Alikuwa akilitunza kwa ajili ya picha ya ibada, na lebo ilikuwa bado inaning'inia kwapani. Lilikuwa kavu kabisa. Pale chini, kati ya watu wote wale, ndiyo nguo pekee iliyokuwa kavu. Mkono mmoja ulikuwa umeingia, wa pili ndiyo anautafuta.

"Vua," nikamwambia.

"Nini?"

"Jaketi. Vua."

Akacheka kidogo, akawatazama wenzake. "Mkwe wangu ana utani."

"Mama, mtoto anapiga filimbi. Vua."

"Mfunike na blanketi, si nimeleta? Sufu si umesema hata ikilowa ina joto?"

"Hilo si sufu. Hilo ni plastiki."

Sikungoja tena. Nilishika kola nikavuta. Akashika mkono wa jaketi kwa vidole vyote vitano. Nikavuta, akavuta, watu wazima wawili, lebo ikakatika. Mtu akasema jina la Yesu. Wazee ninaowahudumia huwa wanang'ang'ania chuma cha kitanda hivyo hivyo, na tumefundishwa namna: unabonyeza chini ya kidole gumba, kwenye nyama, mkono unafunguka wenyewe. Haiumi sana. Nilimbonyeza. Mkono ukafunguka, na alipouona umefunguka bila yeye kutaka, alinitazama kwa uso ambao sikuwahi kuuona kwake. Alionekana mzee.

"Dada," mwenyekiti akasema, "huyo ni mama yako."

"Mama yangu alizikwa kambini Kibondo. Huyu ni mama wa mume wangu, na mafuta ya kumtia joto anayo."

Nilimvua mtoto ile njano yote, nikamfuta kwa viganja vyangu, maana hakukuwa na kitambaa kikavu, nikamwingiza kwenye jaketi ngozi kwa manyoya. Lilimfika magotini. Nikafunga zipu mpaka kidevuni. Juu yake koti langu la mvua. Nikampa dawa tena, nikahesabu pumzi, nikampa tena. Mimi nilibaki na fulana ya kazini, imenigandia, na sikusikia baridi hata kidogo. Hasira ni nguo nzuri, ila haidumu.

Hakuna picha iliyopigwa. Joto lililokuwa karibu lilikuwa kwenye basi, saa nzima ya kupanda, na kwa wale wenye raba zile saa mbili. Nilimweka mtoto mgongoni nikatangulia. Nyuma nilikuwa nikisikia meno ya mama mkwe. Nasema kweli, yalisikika, kama mtu anayechekecha karanga kwenye ungo. Hakuna aliyekuwa na cha kumpa, wote walikuwa wamevaa sare. Kwenye zile ngazi za chuma aliteleza akaangukia magoti. Nilijua ni yeye kwa sauti yake, hakulia, aliguna tu. Sikugeuka. Wenzake wakamnyanyua.

Mtoto aligeuka. Akaniambia kwa Kiingereza, maana Kiswahili chetu anakisikia tu, hakijibu, kwamba bibi anatetemeka, kwamba yeye sasa ana joto, kwamba tumpe bibi jaketi zamu yake. Nikasikia kidole chake kinatafuta zipu.

"Uguse hiyo zipu uone," nikamwambia.

Akaanza kulia, na kulia kwenye pumu ni kubaya. Kwa hiyo nilipeleka mkono wangu nyuma ya shingo, nikaikamata ile zipu ndani ya ngumi, na nilipanda mlima uliobaki hivyo, mkono mmoja unambeba, mwingine umefunga. Ngumi yangu ilikuwa inamgusa kooni. Niliisikia kila pumzi inapita.

Ndani ya basi dereva aliwasha joto mpaka vioo vikawa vyeupe. Hakuna aliyeimba. Nilikaa na mtoto mapajani, sikio kifuani kwake, na filimbi ikaanza kupungua, ikawa mbali, ikawa inakuja na kwenda. Alilala. Midomo ikarudi rangi yake. Walimweka mama mkwe kiti cha pembeni yangu kwa sababu kilikuwa karibu na joto. Kitenge kilikuwa bado kinachuruzika, magoti yamechubuka, na rangi ya njano imeshuka mpaka kwenye soksi.

Tulikuwa tumeshuka milima yote ndipo akasema.

"Anapumua?"

"Anapumua."

Akanyoosha mkono polepole, akaupitisha chini ya jaketi, akautafuta mguu wa mjukuu wake aone kama umepata joto. Mkono wake ulikuwa kama maji ya bomba. Niliushika kwenye kifundo, nikautoa, nikamrudishia mapajani kwake.

"Utampoza," nikamwambia.